Sura ya pili ya tasnifu imenikwamisha tangu Novemba: mliomaliza, mlikuwa mnaandikaje?

Mwalimu_wa_Zamu aliuliza:

Ndugu zangu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari niliye kwenye ruhusa ya masomo, na ninasoma shahada ya uzamili katika isimu ya Kiswahili. Tasnifu yangu inahusu maandishi ya kwenye bodaboda na bajaji za Dodoma mjini, yaani zile semi, dua, vijembe na majigambo ambayo madereva huyachora kwenye madigadi, kwenye vioo na migongoni mwa viti. Data nimeshazikusanya. Nina picha 212 zilizopangwa vizuri, na nilipokuwa uwandani nilifurahia kazi kiasi cha kusahau chakula cha mchana.

Tatizo lilianza niliporudi mezani. Sura ya kwanza ilipita bila taabu kwa sababu sehemu kubwa yake ilitoka kwenye pendekezo la utafiti. Sura ya pili, yenye mapitio ya maandiko na kiunzi cha nadharia, ndiyo iliyonishinda. Kila asubuhi nafungua kompyuta, nasoma nilichoandika jana, nakiona hakifai, nakifuta, kisha natafuta makala nyingine nikiamini kwamba huenda hiyo ndiyo itakayonifungua. Ikifika saa nane mchana nimepakua makala tatu, nimesoma nusu ya moja, na ukurasa una mistari minne. Usiku nakaa macho nikizipanga sentensi kichwani, na asubuhi sizikumbuki.

Sentensi ya kwanza ya sura hiyo nimeiandika upya si chini ya mara ishirini. Toleo nililompelekea msimamizi wangu lilisema, "Lugha ni chombo cha mawasiliano baina ya wanajamii," na pembeni akaandika kwa wino mwekundu maneno mawili tu: "Nani hajui?" Tangu siku hiyo sijampelekea kitu chochote, na nikimwona anashuka ngazi za upande huu, mimi napandia za upande ule.

Ruhusa yangu inakwisha Septemba, na kuomba kuongezewa muda kuna ada yake ambayo sina. Sitafuti mtu wa kuniandikia. Wanaofanya biashara hiyo wanabandika matangazo hadi kwenye nguzo za umeme, na sitaki kujiingiza huko. Ninachotaka kujua ni mambo madogo ya kila siku ambayo hatukufundishwa kwenye somo la mbinu za utafiti: mlikuwa mnakaa kuandika kwa muda gani, mnaanza na nini, na mnajuaje kwamba kwa leo inatosha?

Kaunta_Buku alijibu:

Pole sana, Mwalimu. Nilipomaliza kusoma maelezo yako nilijiona mwenyewe miaka sita iliyopita, isipokuwa mimi nilikwamia sura ya nne, na mahali pa kupakua makala nilikuwa napiga deki. Nyumba yangu haijapata kung'aa namna ile tena.

Ninavyoona, unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na kila moja inaikaba nyingine. Kuandika rasimu ni kukitoa kilichomo kichwani, na kuhariri ni kukichuja kilichokwisha kutoka. Wewe unachuja kabla hujamimina, ndiyo maana jioni huna kitu kwenye chombo. Mimi niliponzika na jambo hilohilo hadi nilipoamua kuitenga kompyuta na rasimu. Nilinunua kaunta buku ya kwaya mbili na kalamu ya wino, nikawa naandika alfajiri kwa dakika 45, simu ikiwa chumba kingine, kwa sharti moja kwamba siruhusiwi kufuta. Neno likinikimbia niliacha nafasi. Istilahi ikinisumbua niliandika ISTILAHI kwa herufi kubwa na kuendelea. Pale nilipojua kuna mtu aliyesema jambo lile lakini jina limenitoka, niliandika NANI? na kusonga mbele. Mchana ndipo nilipochapa, na kule kuchapa kukawa uhariri wa kwanza bila mimi kujua, kwa sababu mkono hauna subira ya kurudia sentensi isiyo na kazi.

Lengo langu lilikuwa maneno 300 kwa siku. Ni machache, na ndiyo maana yalifikika. Lakini kwa siku tano za wiki ni maneno 1,500, na sura ya maneno 6,000 inapata rasimu ya kwanza ndani ya mwezi mmoja. Robert Boice, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewafuatilia wahadhiri waliokuwa wakihangaika kuandika, alikuta kwamba waliokaa kwa vipindi vifupi vya mara kwa mara walitoa kurasa nyingi kuliko waliosubiri siku nzima iliyo wazi, na hata mawazo mapya yaliwajia mara nyingi zaidi. Kabla ya kulisoma hilo, nilidhani wazo ndilo linalomketisha mtu mezani.

Umeuliza utajuaje kwamba inatosha. Kwangu ilikuwa inatosha saa inapolia, hata kama maneno bado yanakuja. Kabla ya kufunga daftari niliandika mstari mmoja wa kesho, kwa mfano, "Kesho: tofauti ya dau na ngalawa kwa maelezo ya wavuvi wawili wa Pangani." Nilipoamka sikukutana na ukurasa mtupu, bali nilikutana na agizo, na agizo linafanyika hata ukiwa na usingizi.

Nirudi kwenye sura yako ya pili, kwa sababu nadhani humo mna kosa ambalo si la ratiba. Wengi wetu tumezoea kupanga mapitio kama foleni ya zahanati: fulani (2009) anasema hivi, fulani (2013) anasema vile, na mwandishi mwenyewe amekaa benchi la nyuma akisubiri kuitwa. Kuandika namna hiyo kunachosha kwa sababu huna unachokitafuta. Jaribu kuanza na picha zako. Chukua kumi, ziweke mezani, na kwa kila moja andika swali inaloliuliza, kisha ndipo utafute nani aliwahi kulijibu. Landry na Bourhis (1997) utawahitaji, kwa kuwa kila anayeandika kuhusu mandhari ya lugha, yaani lugha ya maandishi yanayoonekana hadharani, huanza nao. Lakini itazame vizuri ile fasili yao. Inataja alama za barabarani, mabango ya matangazo, majina ya mitaa, majina ya mahali, vibao vya maduka na vibao vya majengo ya serikali. Vyote hivyo vimesimama mahali pamoja. Bodaboda inatembea, asubuhi iko Area C na jioni iko Nkuhungu, na mwenye maandishi yuko juu yake. Hapo ndipo sura yako ilipo, Mwalimu, na nina hakika umeshaliona jambo hilo uwandani ila umeona haya kulisema kabla ya kumaliza kunukuu wakubwa.

Mama_Wawili_Tanga alijibu:

Namheshimu Kaunta Buku, na hilo la foleni ya zahanati limenichekesha kwa sababu ni kweli tupu. Hata hivyo, ushauri wa alfajiri ya kila siku ungeniua. Nina watoto wawili, alfajiri yangu ni ya uji, sare na kutafuta soksi iliyopotea, na nilipojaribu kuandika kila siku nilishindwa siku ya tatu, nikajiona mzembe, na wiki nzima ikaharibika. Kilichonisaidia ni kutenga Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi, kila kipindi kikiwa cha muda wa saa tatu, na kuwatangazia nyumbani kwamba wakati huo mama yuko kazini. Siku nyingine sikuwa naandika, ila nilisoma aya moja ya mwisho ili uzi usikatike.

Jambo la pili huenda halikuhusu wewe moja kwa moja kwa kuwa unaandika kwa Kiswahili, lakini wako wengi watakaosoma hapa ambao tasnifu zao ni za Kiingereza kama yangu ilivyo. Nilikuwa najilaumu kwamba sijui kuandika, kumbe nilikuwa natafuta hoja na lugha kwa pamoja. Nimesomeshwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, lakini nikitaka kumshawishi mtu kuhusu jambo zito, hoja inakuja kwa Kiswahili. Siku moja nikiwa kwenye basi la kutoka Korogwe nilijirekodi kwenye simu nikimweleza mdogo wangu wa kufikirika kwa nini wanafunzi wanaojua kugawanya sokoni wanashindwa kugawanya darasani. Dakika saba. Niliporudi nyumbani nikaandika yale niliyosema, kwa Kiswahili changu cha kawaida, ndipo nikayapeleka kwenye Kiingereza. Msimamizi wangu aliniuliza nimefanya nini, kwa sababu sentensi zilikuwa fupi na zimenyooka. Baadhi ya abiria nao walinitazama kwa namna ya kuniombea.

Niseme na la kukata karatasi. Sura yangu ya mapitio ilifika kurasa 22 na nilihisi inazunguka, lakini kwenye kioo cha kompyuta sikuweza kuona inapozungukia. Nikaichapisha, nikachukua mkasi wa watoto, nikakata kila aya peke yake, nikazitandaza kwenye mkeka sebuleni. Pembeni ya kila kipande niliandika kwa penseli aya hiyo inasema nini, kwa maneno yasiyozidi kumi. Aya tatu, ya ukurasa wa 3, wa 9 na wa 17, zilikuwa ndugu wa baba mmoja. Nyingine mbili sikuweza kabisa kuzisemea chochote kwa maneno kumi, nikajua hazisemi kitu, nikazitoa. Mtoto wangu mdogo alikalia kiunzi cha nadharia kwa muda, lakini ilipofika saa sita usiku nilikuwa na kurasa 15 na mpangilio ninaouelewa.

Kuhusu hayo makala unayoyapakua: nilijiwekea mwiko kwamba siku ya kuandika sifungui makala mpya mpaka niwe nimeandika aya moja, hata iwe mbaya. Kusoma ni kazi, ndiyo, lakini ni maficho mazuri sana kwa sababu hakuna atakayekushutumu kwamba unasoma mno.

Msimamizi_Mkongwe alijibu:

Nimesimamia tasnifu za uzamili na za uzamivu kwa zaidi ya miaka 15, na ningependa kusema kutoka upande wa pili wa meza.

Simtetei mwenzangu kwa ukali wake. Maneno mawili ya wino mwekundu yasiyofuatwa na maelezo si malezi ya kitaaluma, na wengi wetu tunaandika hivyo saa nne usiku, tukiwa na rundo la rasimu nyingine pembeni, bila kufikiri kwamba kuna mtu atakayelala nayo. Pamoja na hayo, naomba uisome upya hukumu ile. Amesema sentensi haina habari. Hajasema wewe huna akili. Kati ya rasimu ninazopokea, zinazoanza na sentensi hiyo hiyo ya lugha na mawasiliano sina idadi yake, na mara nyingi huwa ni dalili kwamba mwandishi amejiandaa kwa muda mrefu na anaogopa kuingia uwanjani.

Mwanafunzi anayenikosesha usingizi si yule anayeleta rasimu mbaya. Rasimu mbaya nina la kuifanya. Ninayemhofia ni anayenyamaza miezi mitano, kisha wiki mbili kabla ya tarehe ya kukabidhi analeta kurasa 120 na salamu nyingi. Wakati huo sina la kumsaidia zaidi ya kurekebisha marejeleo, na kosa lililoanzia ukurasa wa 14 limeshazaa ukoo mzima. Kwa hiyo, Mwalimu, usisubiri sura. Peleka kurasa nane au kumi, na juu yake weka barua ya nusu ukurasa inayoeleza umeleta nini, unajua kipi bado ni kibovu, na unataka akujibu nini. Kwa mfano: "Hii ni nusu ya kwanza ya sura ya pili. Sehemu ya nadharia bado sijaigusa. Naomba unieleze kama hoja ya maandishi yanayotembea inatosha kuibeba sura, au ni finyu." Msimamizi aliyepewa swali hujibu swali, asiyepewa hukamata kalamu nyekundu na kuanza na sentensi ya kwanza, kwa sababu ndiyo anayokutana nayo. Mkubaliane pia tarehe ya kupokea maoni, na tarehe ikipita, mkumbushe kwa adabu. Hatuchukii kukumbushwa, tunasahau kweli.

Maoni yakirudi, usianze kuyatekeleza siku hiyohiyo. Yasome mara moja, yaweke mpaka kesho, kisha yaandike yote kwenye jedwali: oni lenyewe, ukurasa, na ulichofanya. Utakuta mengi ni ya dakika tano tano, machache ni ya kufikiri, na moja au mawili hukubaliani nayo. Hayo usiyokubaliana nayo usiyapuuze kimyakimya, andika sababu yako. Mtahini wa nje naye atakuuliza mambo ya aina hiyohiyo, na utakuwa umeshafanya mazoezi.

Kwa istilahi, kwa kuwa unaandika kwa Kiswahili, chagua moja na udumu nayo. Nimeona tasnifu iliyoanza na "mandhari ya lugha", ikapita "mandhari ya kiisimu" na kumalizikia "mandharilugha", na mwandishi hakuwa na habari kwamba amebadili. Tenga ukurasa wa mwisho wa daftari kwa ajili ya istilahi ulizozichagua na sababu zake, na hutabishana na nafsi yako kila asubuhi.

La mwisho kutoka kwangu: kukosa usingizi kwa miezi kadhaa si jambo la ratiba ya kuandika pekee. Kama likiendelea, nenda kwa mshauri wa wanafunzi au kwa daktari, na usione haya. Nimewapeleka wengi, na wamemaliza.

Mkaazi_wa_Nairobi alijibu:

Wenzangu wamemaliza yote ya maana, kwa hivyo nitaongeza la kiufundi tu. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu, kipakatalishi changu kilizimika nikiwa katikati ya sura ya tano na hakikuwaka tena. Nakala niliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa ya majuma sita nyuma. Tangu siku hiyo, kila nikimaliza kuandika hujitumia faili kwa barua pepe, na jina la faili huwa tarehe ya siku hiyo. Hapo awali nilikuwa na faili iitwayo "mwisho", nyingine "mwisho kabisa" na nyingine "mwisho kabisa 2", na ya mwisho kweli haikuwa yoyote kati ya hizo tatu.

Marejeleo nayo usiyaache hadi mwishoni. Programu ya Zotero hailipiwi, na humwezesha mtu kuingiza chanzo mara tu anapokisoma. Ikague hata hivyo, maana mara nyingi huwachanganya waandishi wetu wa Kiafrika, ikachukua jina la baba kuwa la mwana, na mtahini atakulaumu wewe, hatailaumu programu.

Mwalimu_wa_Zamu alijibu:

Shikamoo, Msimamizi Mkongwe, na asanteni nyote. Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu niliamua kujaribu kwanza kabla ya kushukuru.

Alfajiri haikunifaa. Nilijaribu siku nne, nikawa naandika mistari inayoshuka kama mtu aliyeandikia kwenye daladala. Nimehamia saa tatu asubuhi, nikishakunywa chai, kwa dakika 45 kwenye daftari, na sharti la kutofuta nimelishika isipokuwa mara mbili, ambazo nazikiri hapa. Siku nzuri natoa maneno 350, na siku mbaya kabisa nilitoa 90, lakini hata hayo 90 sikuyafuta na kesho yake matatu kati ya mawazo yake yalifaa. Mwiko wa makala mpya ndio mgumu zaidi kuliko yote. Nimegundua kwamba mkono wangu unaenda kwenye kivinjari wenyewe, hasa pale ninapokaribia kusema jambo ambalo ni langu mimi na si la mtu aliyechapishwa.

Nilizitandaza picha kumi sakafuni kama Mama Wawili alivyofanya na aya zake. Ya saba ilikuwa ya bajaji ambayo nyuma imeandikwa "Mdogo mdogo tutafika", na chini yake, kwa rangi nyingine na mwandiko mwingine, "Lini?" Niliipiga mwenyewe na nilikuwa nimeisahau. Kuna mtu alimjibu dereva, pengine kituoni, pengine kwenye foleni ya taa, na dereva akaliacha jibu lile libaki. Nikaandika kurasa mbili kuhusu maandishi yanayotembea na kujibiwa njiani, na sentensi ya kwanza ya sura ya pili sasa ni maelezo ya bajaji hiyo. Landry na Bourhis wameingia ukurasa wa pili, na wamekuja na kazi ya kufanya.

Jumatatu iliyopita nilipandia ngazi za upande wake kwa makusudi, nikampa kurasa tisa na ile barua ya nusu ukurasa. Aliisoma hapohapo akiwa amesimama. Hakucheka wala hakukasirika, alisema tu kwamba alidhani nimerudi kazini. Maoni yake nimeyapata jana. Yako 34, nimeyaweka kwenye jedwali, 26 ni ya dakika tano tano kama nilivyoambiwa, na moja sikubaliani nalo na nimeanza kuandika sababu. Pembeni ya sentensi ya kwanza hakuandika chochote.

Usingizi umerudi kiasi, si wote. Nimepanga kuonana na mshauri wa wanafunzi wiki ijayo. Nusu ya pili ya sura naipeleka Ijumaa pamoja na maswali mawili, na swali la kwanza linahusu picha 31 zenye dua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo baadhi ya madereva wenyewe waliniambia hawawezi kuzisoma. Kama yupo hapa aliyewahi kushughulikia maandishi ambayo mwenye nayo hayasomi, ningefurahi kujua aliyapanga kwenye kundi gani.